Kati ya "nilijua" na "nilikuja kujua": barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo na wapelelezi

Kwa wakuu wa vyuo, washauri wa wanafunzi, wajumbe wa kamati za nidhamu, na wapelelezi wanaopokea majalada kutoka kwao.

Waheshimiwa,

Naandika kuhusu karatasi moja. Kwa kawaida ni ukurasa mmoja, wakati mwingine nusu ukurasa, ulioandikwa kwa mkono ofisini kwa mshauri wa wanafunzi. Aliyeuandika hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, na simu yake iko mezani mbele ya mtu mwingine. Juu pameandikwa "Maelezo ya Mwanafunzi". Chini pana saini. Mimi huiona kwa mara ya kwanza wiki kadhaa baadaye, nakala iliyofifia ndani ya jalada la polisi, na mara nyingi nikimaliza kuisoma huwa nimeshafahamu kwamba kesi imekwisha nusu kabla sijasimama mbele ya hakimu.

Mimi ni wakili wa utetezi. Kwa miaka mingi nimewatetea wanafunzi wa vyuo walioshtakiwa kwa kupokea mali ya wizi: kompyuta mpakato, simu, baiskeli, kamera, vitabu ambavyo muhuri wa maktaba umekwanguliwa. Sitawaambia kwamba wote hawana hatia. Wamo waliojua fika walichokuwa wakinunua, na baadhi yao niliwaambia hivyo ana kwa ana, mlango ukiwa umefungwa. Ninachokidai ni kidogo kuliko mnavyoweza kutarajia kutoka kwa mtu wa kazi yangu. Nataka ile karatasi isiandikwe siku ile, kwa namna ile, kabla mwanafunzi hajazungumza na mtu anayejua sheria.

Nieleze kwa nini.

Mwanafunzi mmoja alinunua kompyuta kwa mwenzake aliyemtangulia mwaka. Wiki mbili baadaye ikamsumbua, akaipeleka kwa fundi. Fundi akaiwasha, akakuta akaunti yenye jina la mtu mwingine kabisa na ilani kwamba kifaa kimeripotiwa kuibiwa. Kijana akampigia aliyemuuzia, simu haikupokelewa. Akapiga tena jioni, na kesho yake. Siku ya nne walinzi wa chuo wakagonga mlango wa chumba chake. Katika karatasi yake aliandika, kwa mwandiko unaotetemeka lakini unaosomeka: "Nilikuja kujua kwamba ni ya wizi fundi aliponiambia." Ofisa aliyeandaa muhtasari wa kupeleka polisi akaandika: "Mwanafunzi amekiri kwamba alijua kuwa ni ya wizi."

Siamini kwamba ofisa yule alikuwa na nia mbaya. Alikuwa anafupisha, kama sisi sote tunavyofupisha tukiwa na barua kumi za kutuma kabla ya saa za kazi kwisha. Lakini alipoliacha neno moja, lile "kuja", aliuacha utetezi wote.

Kosa la kupokea mali ya wizi lina sura yake. Upande wa mashtaka hauna budi kuthibitisha kwamba kitu kiliibwa kweli, kwamba mshtakiwa alikipokea au alikiweka chini ya mamlaka yake, na kwamba alikuwa akijua hali yake. Mambo mawili ya kwanza ni rahisi: mwenye mali atakuja na risiti, mlinzi atakuja na kitu chenyewe. Kesi nzima huwa inaning'inia kwenye hilo la tatu, yaani kilichokuwa kichwani mwa mtu, na siku gani kilikuwamo. Kwa wizi wenyewe huhitaji kuhangaika hivyo, kwa maana mtu aliyevunja dirisha usiku hana haja ya kuulizwa alidhani nini. Aliyenunua mchana kweupe, akalipa, akatoka, ana haja.

Na nchi hazilipimi neno "kujua" kwa kipimo kimoja. Uingereza, kifungu cha 22 cha Sheria ya Wizi ya mwaka 1968 kinataka mshtakiwa awe anajua au anaamini kwamba mali ni ya wizi, tena awe amekosa uaminifu. Mwaka 1984, katika shauri la Moys, Mahakama ya Rufani ya huko ilisema kwamba shuku peke yake haitoshi, hata kama mtu aliifumbia macho hali iliyomzunguka. Kenya, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinatosheka na pungufu: kujua, au kuwa na sababu ya kuamini. Hapo mlango umefunguliwa kidogo zaidi kwa mwendesha mashtaka. Nchini Marekani, kielelezo cha sheria ya jinai kilichoandikwa na wanasheria wa huko mwaka 1962, ambacho majimbo mengi yaliazima kutoka kwake, kinasema kujua au kuamini kwamba huenda iliibwa. Maneno "anaamini", "sababu ya kuamini" na "huenda" yanaonekana kama ndugu wa tumbo moja. Mahakamani kila moja lina kesi zake, na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi hana namna ya kujua ni lipi linalomhusu anapopewa kalamu na kuambiwa: "Andika tu ukweli, itakusaidia."

Nitarudi kwenye hilo "itakusaidia".

Kwanza adhabu, maana nadhani wengi wenu hamjaitazama. Ofisi nyingi za vyuo nilizopita zinalichukulia kosa hili kama mdogo wa wizi: huyu hakuiba, alinunua tu. Sheria inaona kinyume. Uingereza, mwizi wa kawaida anaweza kufungwa hadi miaka 7. Anayepokea au kushughulikia mali ya wizi, hadi miaka 14. Kenya pengo ni kubwa zaidi: wizi wa kawaida miaka 3, kushughulikia mali ya wizi hadi miaka 14. Hakimu hatoi miaka 14 kwa simu moja, najua. Lakini ukubwa wa adhabu ya juu ndio unaoamua mambo mengine mengi: uzito wa dhamana, jinsi mwendesha mashtaka anavyolitazama jalada, na jinsi mwajiri wa baadaye atakavyolisoma.

Ukali huo una historia. London ya karne ya 18 ilikuwa na mtu aliyeitwa Jonathan Wild. Mbele ya watu alikuwa mkamata wezi. Nyuma ya pazia wezi walikuwa wakimfanyia kazi. Ukiibiwa, ulikwenda ofisini kwake, ukalipa, na mali yako "ikapatikana". Bunge lilitunga kifungu cha kumnasa mtu wa aina yake, na kifungu hichohicho ndicho kilichompeleka kwenye kitanzi mwezi Mei 1725. Tangu zamani hizo sheria za nchi nyingi zimemwona mpokeaji kama mzizi wa wizi, kwa hoja kwamba pasipo mnunuzi mwizi hana soko. Ni hoja nzuri, na inamfaa mtu mwenye ghala. Kile kielelezo cha mwaka 1962 kilikumbuka hilo: kinaruhusu kudhaniwa kwamba mtu alijua kwa sababu alinunua kwa bei ya chini mno, lakini dhana hiyo inamhusu mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo, mtu ambaye kuzijua bei ndiyo kazi yake. Mwanafunzi anayenunua kompyuta yake ya kwanza maishani hajui bei ya kompyuta iliyotumika. Anajua kiasi alichonacho mfukoni.

Hata hivyo, katika karibu kila jalada ninaloletewa, ushahidi mkuu ni bei. "Bei ilikuwa ndogo mno, hivyo alijua." Na ushahidi wa pili, ole wetu, ni ile karatasi, ambamo mwanafunzi mwenyewe ameandika: "Nilishangaa bei ilivyokuwa ndogo." Aliulizwa kama alishangaa, akajibu kwa uaminifu kwamba alishangaa. Kila mtu hushangaa akipata kitu rahisi. Kushangaa ni hatua moja, kushuku ni nyingine, kuamini ni nyingine tena, na kati ya hatua hizo ndimo wakili anamofanya kazi. Karatasi ikishasainiwa hatua zote zinakuwa moja.

Najua mtakachonijibu, kwa kuwa nimeshajibiwa hivyo zaidi ya mara moja: asiye na hatia ana nini cha kuficha? Si mahakama zenyewe zinamtaka aeleze alivyokipata kitu?

Ndiyo, zinamtaka, na hapa mpo nusu ya ukweli. Mtu akikutwa na mali iliyoibwa karibuni na asitoe maelezo, mahakama katika nchi nyingi zinaruhusiwa kuhitimisha kwamba yeye ndiye mwizi au mpokeaji. Mahakama Kuu ya Marekani iliukubali mwendo huo wa fikra mwaka 1973 katika kesi ya Barnes, iliyohusu hundi za serikali zilizoibwa. Lakini upande wa pili wa kanuni hiyo hausikiki maofisini mwenu. Mwaka 1914, katika mashauri ya Schama na Abramovitch, majaji wa Uingereza walisema mshtakiwa akitoa maelezo yanayoweza kuwa ya kweli, basi hata kama wanaoamua kesi hawajashawishika kwamba ni ya kweli, lazima aachiliwe, kwa sababu mzigo wa kuthibitisha haukumhama mwendesha mashtaka. Miaka 21 baadaye, katika shauri la Woolmington, baraza la juu kabisa la rufaa la huko wakati huo likaueneza msimamo huo kwenye jinai nzima, na mahakama za nchi nyingi zinautaja mpaka leo.

Kwa hiyo maelezo ya mwanafunzi yana uzito mkubwa sana. Maelezo mazuri, yaliyotolewa mapema, kwa utulivu, yakiambatana na ujumbe wa simu na uthibitisho wa malipo, yanaweza kuimaliza kesi kabla haijafika mahakamani. Nimeshaona hivyo, na siku hizo nilirudi nyumbani mapema. Maelezo mabaya, yaliyoandikwa kwa hofu, yenye tarehe iliyokosewa na jina la muuzaji lililofichwa kwa sababu ni rafiki, yanaizika. Mwanafunzi akija baadaye kusema tarehe ilikuwa nyingine, anaambiwa amebadilisha hadithi. Ndiyo maana simwombei anyamaze milele. Namwombea mashauriano kabla ya kalamu.

Tena hata ukimya hauna bei moja. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa aliyekamatwa haki ya kukaa kimya na kuwasiliana na wakili. Uingereza ana haki ya wakili kituoni tangu sheria ya mwaka 1984, lakini sheria nyingine ya mwaka 1994 inaruhusu mahakama kumfikiria vibaya akinyamaza kituoni halafu akaja na utetezi mpya kizimbani. Marekani kuna lile onyo maarufu la Miranda la mwaka 1966, ambalo polisi humsomea mtu kwamba ana haki ya kukaa kimya na ya kuwa na wakili. Nani anaweza kumweleza mwanafunzi yote haya katika dakika kumi, akiwa amekaa kwenye kiti kile kidogo mbele ya meza yenu? Ninyi hamwezi, na hampaswi, kwa kuwa ninyi ndio mnaomtuhumu.

Sasa lile "itakusaidia". Mnalisema kwa wema, naamini. Mshauri wa wanafunzi jina lake linasema yeye ni mshauri, na mwanafunzi anapoingia ofisini kwake anaingia kwa mtu aliyemsaidia mwaka jana alipochelewa kulipa ada. Hajui kwamba leo mtu huyohuyo amevaa kofia ya pili. Polisi wakimkamata, sheria za nchi nyingi zinawalazimisha kumwonya kwanza. Nyinyi si polisi, onyo haliwabani. Onyo la Miranda, kwa mfano, linamhusu askari anayemhoji mtu aliye chini ya ulinzi. Ofisa wa chuo anayeuliza kwa shughuli za chuo kwa kawaida hayumo. Matokeo yake ni ya ajabu ukiyafikiria: mwanafunzi ana kinga zaidi akiwa mikononi mwa mpelelezi asiyemfahamu kuliko akiwa mbele ya mlezi wake. Na wapelelezi, naomba mnivumilie, baadhi yenu mnalijua hilo. Nimeona majalada ambamo mpelelezi hakuuliza swali hata moja. Aliambatanisha karatasi ya chuo, akafunga.

Vyuo vingi vitasema nidhamu ni jambo la ndani. Marekani halijawa la ndani kiasi hicho tangu mwaka 1961. Mwaka uliotangulia, wanafunzi weusi wa Chuo cha Alabama State walikwenda kuomba kuhudumiwa kwenye mgahawa uliokuwa ndani ya jengo la mahakama mjini Montgomery, chuo kikawafukuza baadhi yao bila hata kuwasikiliza. Katika kesi ya Dixon, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi kwa utovu wa nidhamu bila kumpa taarifa ya tuhuma na nafasi ya kujitetea. Leo hakuna anayeona ajabu. Lakini nafasi ya kujitetea inageuka mtego kama maneno atakayoyatumia kuokoa masomo yake Jumatatu ndiyo yatakayomfunga Ijumaa. Akinyamaza mbele ya kamati, anafukuzwa kwa kutotoa ushirikiano. Akisema, anasomewa alichosema mahakamani. Kamati nyingi hukaa ndani ya siku chache, kesi ya jinai huchukua miezi. Ahirisheni kikao. Kama mnahofia usalama wa wengine, mzuieni asikae bwenini kwa muda, mwekeeni masharti, lakini mwacheni afanye mitihani. Sijaona kompyuta iliyoibwa kwa sababu mtu aliruhusiwa kufanya mtihani wa takwimu.

Kuna jambo jingine linalonikera kuliko hata karatasi, nalo ni chumba. Wanafunzi wanalala wawili, watatu, wakati mwingine wanne. Simu inakutwa juu ya kabati la pamoja, wote wanaitwa, na anayeonekana kuwa na wasiwasi zaidi ndiye anayeandikishwa. Kuwa karibu na kitu si kukimiliki. Lazima awe alikijua kuwa kipo na alikuwa na uwezo wa kukitawala. Nani ana ufunguo wa kabati? Nani anaweka nguo rafu ya juu? Chaja yake ilikuwa kwenye soketi ya kitanda cha nani? Maswali haya yanajibika siku ya kwanza tu. Wiki ya pili vyumba vimebadilishwa, kitanda kimehamishwa, hakuna anayekumbuka. Walinzi wenu wakipiga picha moja ya chumba kabla hawajagusa kitu, watanisaidia mimi, watamsaidia mwendesha mashtaka, na watamsaidia mwenye mali pia.

Ushahidi wa mwanafunzi unaoza haraka, tena mara nyingi mikononi mwenu. Simu aliyowakabidhi ndiyo yenye mazungumzo na muuzaji: tangazo, picha, "hii ni yako kweli?" na jibu la "ndiyo, nimepata mpya". Swali hilo moja, lililoandikwa kabla ya malipo, lina thamani kuliko hotuba yangu yote. Muuzaji akisikia fununu anafuta tangazo, na kwenye programu nyingi anaweza kufuta hata ujumbe aliotuma. Mkichukua simu, hifadhini yaliyomo kwa utaratibu wa kisheria na mpeni nakala. Msiirudishe ikiwa imefutwa "kwa usalama", kama nilivyowahi kurudishiwa moja.

Na mjue mnunuzi anaweza kuchunguza kiasi gani. Namba ya utambulisho ya simu, ile ya tarakimu 15 inayoonekana ukibonyeza *#06#, inaweza kulinganishwa na orodha za simu zilizoripotiwa, pale ambapo orodha zipo na mwenyewe aliripoti. Kompyuta haina mfumo mpana wa namna hiyo, kamera vivyo hivyo. Baiskeli ina namba kwenye fremu, ambayo wenye baiskeli wengi hawajawahi hata kuitazama. Kusema "angechunguza" ni rahisi ukiwa hujajaribu kuchunguza.

Niruhusuni pembeni kidogo kuhusu mitego, kwa kuwa inazidi kupendwa. Kifaa kilichoibwa kinapatikana, kisha walinzi au polisi wanakirudisha sokoni wamwone nani atanunua. Mwaka 1906 mahakama ya rufaa ya New York ilikutana na mtu aliyeitwa Jaffe, aliyenunua kitambaa akiamini ni cha wizi. Kitambaa kilikuwa kimeshapatikana na kilikuwa mikononi mwa wahusika kwa ridhaa ya mwenyewe, hivyo hakikuwa tena mali ya wizi, na mahakama ikaona mtu hawezi kujua jambo ambalo si kweli. Hukumu yake ikatenguliwa. Sheria za nchi nyingi zimebadilika tangu hapo, na leo Jaffe angeweza kushikwa kwa kujaribu kutenda kosa. Lakini swali la wakati bado liko hai: siku mwanafunzi alipokishika, kitu kilikuwa bado ni mali ya wizi, au kilikuwa chambo chenu?

Ninachotaka mkifikirie kwa muda mrefu zaidi ni mwanafunzi wangu wa fundi. Kati ya siku aliyoambiwa ukweli na siku aliyogongewa mlango, zilipita siku nne. Afanye nini katika siku hizo? Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1968, aliyenunua kwa nia njema na kulipa thamani hageuki mwizi kwa kuendelea kukaa na kitu baada ya kujua, ingawa mwenyewe bado anaweza kukidai. Kwa kile kielelezo cha Marekani, kukaa nacho huku unajua ni kosa, isipokuwa kama unakusudia kukirudisha. Kwa hiyo kila mahali njia salama ni kukirudisha. Akirudishe wapi? Kwa polisi anaogopa kwenda. Kwa mshauri wa wanafunzi kuna ile karatasi. Kwa muuzaji simu haipokelewi. Nimewaona waliotupa kifaa mtoni. Nimewaona waliokiuza kwa mtu mwingine wapate hela zao, na wakati huo, kwa mara ya kwanza, wakawa wahalifu wa kweli, maana sasa waliuza wakijua. Mtu alinunua akiwa safi, na hofu ikamchafua.

Fungueni dirisha. Mwanafunzi alete kitu yeye mwenyewe au kupitia wakili au kitengo cha msaada wa kisheria, apewe stakabadhi yenye tarehe na saa, na mwenye mali apigiwe simu. Msimwandikishe chochote zaidi ya kwamba amerudisha. Wapelelezi, mkubaliane na vyuo kwamba stakabadhi hiyo inaingia kwenye jalada kama dalili ya nia njema. Hamtapoteza kesi za kweli. Mwenye ghala haleti mali dirishani. Na aliyeibiwa, ambaye katika barua hii nimemtaja kidogo kuliko anavyostahili, atapata kazi yake ya utafiti iliyokuwa ndani ya mashine, jambo ambalo hukumu ya jela haijawahi kumrudishia mtu yeyote niliyemfahamu.

Wanafunzi wa kigeni wana hatari yao. Marekani, sheria ya uhamiaji inahesabu kupokea mali ya wizi kuwa miongoni mwa makosa mazito yanayomwondoa mtu nchini, endapo kifungo kilichotolewa ni mwaka mmoja au zaidi, hata kama hakukitumikia. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla, Mahakama Kuu ya huko ilisema wakili anayemshauri mteja kukiri kosa bila kumweleza hatari ya kufukuzwa nchini ameshindwa kazi yake. Basi pimeni: wakili aliyesomea, akinyamaza kuhusu hilo, ameshindwa kazi. Ofisa wa chuo anayemwambia mwanafunzi wa kigeni "kubali tu yaishe", tumwite nani? Hata mipango ya kuyamaliza makosa ya kwanza nje ya mahakama, ambayo mimi naipenda na nimeitumia, baadhi inaanza na kukiri kwa maandishi. Kuna mamlaka za uhamiaji zinazokuhesabu kukiri huko kama kupatikana na hatia. Asisaini mpaka mtu ameyasoma masharti pamoja naye.

Siombi vyuo vigharamie mawakili kwa kila mwenye tuhuma. Vyuo vingi vina kitivo cha sheria umbali wa majengo mawili, chenye wahadhiri wanaoruhusiwa kufanya uwakili na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaotafuta mazoezi. Pasipo na kitivo, pana chama cha mawakili au ofisi ya msaada wa kisheria. Kinachohitajika ni namba ya simu ukutani na saa 48.

Nimeambatanisha fomu moja. Ni ile yenu, nimebadilisha sehemu tatu tu. Juu, kabla ya nafasi ya jina, pana sentensi inayosema halazimiki kuandika chochote leo, na kwamba atakachoandika kinaweza kupelekwa polisi. Katikati, mahali palipokuwa na "Eleza kilichotokea", nimeweka tarehe ya miadi na mshauri wa kisheria. Chini, juu ya saini ya ofisa, nimeongeza mstari unaosema muhtasari wowote utakaotumwa nje ya chuo utanukuu maneno ya mwanafunzi kama alivyoyaandika, bila kufupishwa. Mwanafunzi wa fundi alikaa mahabusu siku tisa kabla nakala halisi ya karatasi yake haijapatikana. Mwendesha mashtaka aliisoma amesimama, akaniuliza lile neno la kwanza limeandikwaje, kisha akaenda kuondoa shtaka.

Wenu katika kazi,

Wakili wa utetezi